R na majaribio ya kupima modeli dhidi ya data: uzoefu wangu

Alama yangu ni 4 kati ya 5. R, lugha ya kompyuta ya kufanyia takwimu, ni ya bure, hesabu zake ni safi, na karibu kila jaribio la kupima kama modeli inaendana na data limo. Ninachoikatia alama ni kwamba haijui namba ulizoipa zimetoka wapi, na wala haiulizi.

Mfano mzuri ni chisq.test, jaribio la kai-mraba, linalolinganisha idadi zilizoonekana na zile ambazo modeli inazitarajia. Chukua data alizochapisha Ladislaus von Bortkiewicz mwaka 1898, za wanajeshi wa Prussia waliokufa kwa teke la farasi. Vikosi 10 kwa miaka 20 vinatoa rekodi 200: 109 hazina kifo, 65 zina kifo kimoja, 22 viwili, 3 vitatu, na 1 vinne. Vifo vyote ni 122, kwa hiyo wastani ni 0.61. Tunataka kujua kama mgawanyo wa Poisson, modeli ya kawaida ya hesabu za matukio adimu, unazifaa.

Unganisha kwanza vifo 3 na kuendelea viwe kundi moja, halafu andika:

chisq.test(c(109,65,22,4), p=c(dpois(0:2,0.61), 1-ppois(2,0.61)))

Kundi la mwisho lazima liwe la "3 na zaidi". Ukiishia kwenye 4 kamili, uwezekano haufiki 1 na R inakataa. Wapo wanaoinyamazisha kwa rescale.p=TRUE. Usifanye hivyo, maana unakuwa umeibadilisha modeli yenyewe.

Jibu linakuja: kai-mraba 0.32, digrii za uhuru (idadi ya makundi yanayoweza kubadilika yenyewe) 3, p karibu 0.96. p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi kama modeli ni sahihi; kwa kawaida ikiwa chini ya 0.05 modeli hukataliwa. Hiyo p si sahihi. Ile 0.61 imekadiriwa kutoka kwenye data hizohizo, kwa hiyo digrii moja inapotea: makundi 4, toa 1, toa kigezo 1, zinabaki 2. Mwanatakwimu Karl Pearson alipoleta jaribio hili mwaka 1900 hakulizingatia hilo. Mwenzake Ronald Fisher ndiye aliyerekebisha mwaka 1922. R inakuachia kazi hiyo mwenyewe:

pchisq(0.3235, 2, lower.tail=FALSE)

Unapata 0.85. Hapa uamuzi haubadiliki, lakini kai-mraba ingekuwa 6.5, digrii 3 zingekupa p ya 0.09 na digrii 2 zingekupa 0.04. Modeli iliyopaswa kukataliwa ingepita.

Utaona pia onyo kwamba makadirio huenda si sahihi. Linatokea idadi tarajiwa ya kundi lolote ikiwa chini ya 5, na hapa la mwisho lina 4.8. Kwa upungufu mdogo hivyo mimi silijali. Kama makundi madogo ni mengi, yaunganishe, au weka simulate.p.value=TRUE, ili p itafutwe kwa kuiga data, na upandishe B (idadi ya marudio ya uigaji) kutoka 2000 hadi 10000. Ila uigaji huo nao unaichukulia 0.61 kama namba iliyojulikana tangu mwanzo, kwa hiyo tatizo la digrii haliondoki.

Kasoro hiyohiyo iko kwenye ks.test, jaribio la Kolmogorov-Smirnov la kulinganisha data na mgawanyo fulani. Ukiandika "pnorm" (mgawanyo wa kawaida) bila vigezo, inalinganisha data zako na wastani 0 na mkengeuko sanifu 1, na uzito wa watoto kwa kilo hauwezi kupita hapo. Ukiweka mean(x) na sd(x), p inakuwa kubwa kuliko inavyostahili. Tumia lillie.test ya pakeji ya nortest, inayosahihisha hilo kwa mgawanyo wa kawaida. Au shapiro.test, jaribio jingine la mgawanyo wa kawaida, ninayoipendelea kwa sampuli ndogo. Inapokea kuanzia thamani 3 hadi 5000. Ukikaribia 5000, hata mpindo usio na madhara yoyote utakataliwa, basi chora qqnorm, mchoro unaolinganisha data na mgawanyo wa kawaida, kabla ya kuiamini p.

Kwa rigresheni ya lojistiki, modeli ya matokeo ya ndiyo/hapana, wengi hukimbilia hoslem.test (jaribio la Hosmer-Lemeshow) ya pakeji ya ResourceSelection. Matokeo ya ndiyo/hapana yawe namba 0 na 1, si faktori. Kama kuna data zilizokosekana, lipe jaribio modeli$y (matokeo yaliyotumika kwenye modeli) badala ya safu ya jedwali, la sivyo urefu hautalingana. Lakini jaribu g=10 (g ni idadi ya makundi), kisha g=8 na g=12: p inaweza kuvuka 0.05 huku modeli ni ileile. Siliamini likiwa peke yake. Na usipime data za 0 na 1 za mtu mmojammoja kwa diviansi ya masalia (kipimo cha umbali kati ya modeli na data). Pale haifuati kai-mraba kabisa.

Siku hizi modeli nyingi za glm (familia ya rigresheni yenye lojistiki na Poisson) nazipitisha kwenye pakeji ya DHARMa. Amri simulateResiduals huiga data mara 250 kutoka kwenye modeli yako, kisha huweka kila thamani halisi mahali pake kati ya 0 na 1. Modeli ikiwa sawa, thamani hizo husambaa kwa usawa. testDispersion huonyesha kama data zimetawanyika kuliko modeli inavyoruhusu, na testZeroInflation kama sifuri zimezidi. Kwa hesabu za wagonjwa kwa zahanati, kwa mfano, mara nyingi ni utawanyiko unaogoma, na kuhama kutoka Poisson kwenda glm.nb ya pakeji ya MASS (modeli ya binomia hasi, inayoruhusu utawanyiko mkubwa zaidi) ndiyo hatua ya kwanza kujaribu. Ukishahama, endesha testZeroInflation upya kabla ya kutafuta modeli ya sifuri za ziada, kwa sababu mara nyingi zile sifuri zilitokana na utawanyiko huohuo.