Waliniambia betri nimeiua mwenyewe: uzoefu wangu na duka la betri Arusha

Niseme mapema: betri yenyewe sina ugomvi nayo. Au tuseme sikuwa na ugomvi nayo wakati naanza kuandika, maana hasira ikipanda naona hata kalenda waliyonipa dukani inanitazama vibaya. Jina la duka nalihifadhi. Liko Arusha, linauza betri za magari na za sola, na linajisifu kwamba linafunga betri lenyewe kwenye gari. Hapo kwenye kufunga ndipo kwenye kesi.

Sisi tunapeleka watalii, na trela letu ni la kambi. Lina jiko la kuvuta kutoka ubavuni, tangi la maji, pampu, taa, na friji ya volti 12 inayobeba nyama na mboga za wageni. Vyote hivyo vinategemea betri moja ya risasi (lead) ya ampea-saa 100, yaani kipimo cha umeme inaoweza kutunza, ile iliyozibwa, iliyokaa kwenye sanduku mbele ya trela. Mengine kuhusu betri yameandikwa ubavuni mwake, atakaye akasome. Mimi nilikwenda na ombi moja tu: gari likitembea, trela lichaji. Wakasema hiyo kazi ndogo, nisihangaike na fundi wa nje, wao wana waya wa kopa tupu na vijana wenye uzoefu. Nikalipa laki sita na ushee, betri na ufungaji, gharantii mwaka mmoja, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mkononi. Nikaondoka nimefurahi kabisa, nikawasifia kwa wenzangu wawili watatu, na sasa hao nao wananipigia simu.

Safari za mwanzo zilikuwa za karibu, unalala usiku mmoja unarudi mjini, na trela likifika nyumbani linachomekwa kwenye chaja ya ukutani. Chaja ya ukutani ilikuwa inawafichia aibu wale wa dukani. Kwa wiki kadhaa nikaamini gari ndilo linalochaji.

Ziwa Natron ndiko kulikowaumbua. Tulilala kwanza Mto wa Mbu, asubuhi tukaondoka kuelekea Engaresero, kijiji cha karibu na ziwa, ile barabara ya vumbi na mawe ambayo wanaoijua wanaijua. Gari lilikuwa linaunguruma karibu kutwa nzima. Kwa alteneta nzima (ile mashine ya gari inayozalisha umeme injini ikiwaka) na waya wa maana, muda ule unatosha kurudisha karibu chote ambacho friji ilikula usiku. Wageni walikuwa mke na mume kutoka Uholanzi, na usiku uleule walikuwa wanapanda Oldonyo Lengai. Mlima ule watu huuanza usiku, saa tano au saa sita, ili jua lisiwakute mbali na kilele. Kwa hiyo chakula kinatakiwa kiive mapema, maji yawepo, taa ziwake, watu wapumzike kidogo.

Mpishi akafungua bomba. Pampu ikakoroma mara moja, ikanyamaza. Friji nayo ilikuwa inakonyeza kitaa chake chekundu, maana yake imejizima yenyewe isiimalize betri. Nikaweka mita: volti 11.6. Kwa asiyejua, betri ya namna hii ikiwa imejaa na imetulia husoma 12.6 au 12.7. Ikifika 12.2 umeshakula nusu, na mwenye kuitaka imdumu anaishia hapo. Kwa 11.6 ulikuwa unakwangua ukoko. Na hii baada ya kuendesha siku nzima!

Kuku alikuwa ameshaanza kulegea kwenye mfuko. Mpishi akamnusa, akanitazama, akaenda kumtupa mbali na kambi bila kuniuliza. Wageni wakala wali na maharage kwa mwanga wa tochi za kichwani, zilezile walizokuwa wanazitunzia mlima, na kila nilipoomba radhi walinijibu "hamna shida" kwa Kiswahili chao cha kujifunzia. Afadhali wangenifokea.

Sasa dukani. Niliichomoa betri nikaibeba mwenyewe hadi kaunta, na betri ya ampea-saa 100 si mzigo wa mtu kubeba akiwa amevaa shati jeupe. Kijana aliyekuwepo alikuwa anakula hindi la kuchoma. Hakuliweka chini. Swali lake la kwanza, kabla ya salamu:

"Mlikuwa mnaongeza maji?"

Ndugu zangu, betri imezibwa. Haina vizibo. Haina pa kuingizia maji hata ukitaka. Walioniuzia ni wao, na moja ya sifa walizonipigia siku ile ilikuwa hiyohiyo, kwamba sitahangaika na maji. Nikamwambia kwa upole, kaka, hii haina sehemu ya maji. Akaisukumasukuma kwa mkono mmoja, hindi mkono wa pili, akasema, "Basi mliiacha juani."

Kisha akaleta kile kifaa cha kubana nguzo za betri, chenye koili ndani inayowaka nyekundu kama ya hita. Akabana. Mshale ukaanguka. "Imekufa," akasema. "Mmeiua wenyewe."

Kupima kwa mzigo, yaani kuilazimisha betri itoe umeme mwingi kwa ghafla, hakukuambii chochote kama betri haina chaji. Lazima uichaji kwanza ijae, uiache itulie, ndipo ubane. Hilo analijua hata kijana anayejifunza umeme wa magari mwaka wa kwanza. Nikamwomba aiweke kwenye chaja hadi kesho halafu apime. Jibu lake naliandika kama lilivyo: "Mzee, mimi nauza betri, wewe unapeleka watalii. Kila mtu na kazi yake." Akageukia simu yake. Kulikuwa na wateja wengine nyuma yangu, mmoja akacheka.

Nikauliza gharantii. Akaniambia gharantii haihusu matumizi mabaya. Nani kaamua ni matumizi mabaya? Yeye. Kwa kipimo gani? Kile cha hindi mkononi. (Risiti za EFD zinafifia, jamani. Yangu ilikuwa imeanza kugeuka nyeupe. Piga picha siku hiyohiyo unayonunua.)

Nilitoka pale nikaenda mtaa wa Unga Limited kwa fundi mmoja wa umeme wa magari, mtu mzima, hana kaunta wala kalenda. Nikamwonyesha betri. Hakuitazama. Akauliza, "Gari na trela viko wapi?" Vikaletwa, betri ikarudishwa kwenye sanduku lake. Akawasha injini, akapima kwenye betri ya gari: 14.1. Akatembea taratibu hadi kwenye trela, akapima pale: 12.7. Akanionyesha mita bila kusema neno, akaingia chini ya gari.

Alichokikuta huko, kwanza, waya wa kuchajia ulikuwa umepitishwa kwenye plagi ileile ndogo ya taa za trela, na kishikio cha fyuzi kilikuwa kimelainika hadi rangi ya kahawia kwa joto. Pili, akakata kipande cha ule waya, akakimenya ganda jeusi kwa meno, akaulaza uzi mmoja kwenye ukucha wa dole gumba na kuukwangua kwa wembe. Rangi ya kopa ikatoka kama unga. Ndani ulikuwa mweupe, alumini. Akaniwekea kiganjani. "Kopa yao hii hapa," akasema.

Kwa hiyo ile "kopa tupu" niliyolipia ilikuwa alumini iliyovishwa ngozi ya kopa. Waya wa namna hiyo unazuia umeme kwa zaidi ya mara moja na nusu ukilinganisha na kopa halisi ya unene uleule, na wenyewe ulikuwa mwembamba tangu mwanzo. Sasa hesabu safari yake: kutoka betri ya gari mbele kabisa, chini ya gari lote, hadi mbele ya trela, kisha umeme urudi. Kwenda na kurudi ni kama mita 14. Ukipitisha ampea 20 humo, karibu volti moja na nusu inaishia njiani ikipasha waya moto. Betri hii ili ijae inataka volti 14.4 hivi, na ishikiliwe hapo kwa saa kadhaa, maana ile robo ya mwisho ndiyo inayoingia polepole kuliko zote. Ukiipa 12.7 unaweza kuendesha hadi Mwanza na kurudi, haitajaa. Na betri ya risasi ikiishi nusu tupu siku baada ya siku, salfeti (chumvi ya risasi) inaganda kwenye sahani zake za ndani na kugeuka ngumu, uwezo unapungua na haurudi wote. Huko ndiko kufa kwa betri ambako yule kijana alinibandikia mimi.

Fundi akafunga waya wa kopa wa milimita 16 za mraba, fyuzi mbele jirani na betri ya gari na nyingine kwenye trela, na plagi yake nene peke yake, mbali na ya taa. Akapima tena: pengo la mbele na nyuma likawa robo ya volti. Akaniambia wenye magari mapya, ambayo alteneta zake hujishusha zenyewe kuokoa mafuta, hata waya mnene hauwatoshi, wanahitaji ile chaja inayokaa katikati ya betri mbili na kuipandisha volti. Kwa Land Cruiser yetu ya zamani akasema ni kupoteza hela. Angekuwa yule wa dukani, angeniuzia mbili.

Betri akaiweka kwenye chaja ya ukutani, polepole, hadi chaja yenyewe ikajishusha. Akaiacha itulie usiku kucha. Asubuhi: 12.6. Akabana kifaa cha koili kama kile cha dukani, mshale ukasimama pazuri. Haikuwa imekufa! Baada ya kuteswa wiki zote zile bado ilikuwa inapiga kazi, kwa hiyo hapa haki itendeke: betri ni nzuri, na mtu akiniuliza nitamwambia nenda kanunue, ibebe, ondoka, ila wasiiguse gari lako.

Lakini imepungua. Mwanzoni friji ilikuwa inavuka hadi asubuhi na umeme unabaki. Sasa alfajiri kitaa chekundu kinaanza. Nani kaipunguza? Ndiyo maana nikarudi dukani na kipande cha waya mfukoni.

Safari hii nilipata meneja. Mtu mpole kupita kiasi. Kiti, chai, pole kwa usumbufu, waya akautazama akasema "haa", akaandika namba yangu, akaahidi kunipigia Jumatatu. Nikajisikia vibaya kidogo kwa ukali niliokuja nao, na nikasema moyoni basi, nitaandika maoni ya wastani. Nilipofika kwenye gari kijana mmoja wa ufungaji akanifuata, si yule wa hindi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, shikamoo. Samahani sana. Waya tunapewa kwenye roli, sisi tunafunga tu." Yule nilimwonea huruma. Kama kuna nyota ya kutoa pale, ni yake.

Jumatatu zimepita. Nikapiga mimi. Meneja hakupokea, akanirudishia ujumbe wenye bei: wako tayari kunifungia upya kwa "waya maalumu wa kopa", ufungaji nitalipia mimi, na nikitaka betri mpya watanipunguzia asilimia kumi ya betri. Kumi! Yaani niwalipe mara ya pili kazi ambayo mara ya kwanza hawakuifanya, na kama shukrani ya kuniharibia betri waniuzie nyingine. Kwa hiyo yale niliyosema hapo juu kwamba nenda ukanunue betri kwao, nayafuta. Betri ya aina ileile inauzwa maduka mengine mjini, na bei zao hazipishani kwa kiasi cha kumfanya mtu adharauliwe.

Au kama ni lazima ununue kwao, kwa sababu wanazo na wengine zimewaishia, basi uingie na wembe mfukoni. Kabla hujalipia ufungaji waombe uzi mmoja tu wa waya wao, ukwangue mbele yao. Na betri yako isiyokuwa barabarani ichaji ijae, chomoa waya wa nguzo hasi, irudishie chaja angalau mara moja kwa mwezi, usiiache imelala tupu ukisubiri msimu.

Malalamiko yangu nimeshayaandika kwa ajili ya Tume ya Ushindani, picha ya risiti ninayo. Mabaki ya waya wao yako kwenye buti la gari, mita kadhaa bado. Aliyepo Arusha na anataka kuukwangua mwenyewe kabla hajaenda kule kutoa hela, aseme, nitamkatia kipande.