Mikono iliyofundishwa na mlima: masaji kwa mnyanyua vyuma mjini Moshi

Mji wa Moshi hauna uhaba wa watu wanaochua misuli. Kila msimu wa watalii mabango ya masaji huongezeka katika mitaa inayozunguka Mnara wa Saa, na karibu yote humlenga mgeni aliyeshuka Kilimanjaro jana, ambaye leo hawezi kushuka ngazi bila kushika ukuta. Mnyanyua vyuma wa hapa hapa mjini, anayetoka kazini saa kumi na moja jioni na kuingia jimu yenye vyuma vilivyoanza kushika kutu, hakufikiriwa bango hilo lilipoandikwa. Tathmini hii inahusu chumba kimoja cha masaji cha aina hiyo, kilichopo ghorofani katika jengo la maduka katikati ya mji. Jina silitaji, kwa kuwa yapo ya kukisifu na yapo ya kukilaumu, na nia yangu si kumpigia mtu debe wala kumwaga unga wake.

Hukumu yangu naitoa mapema. Kuanzia kiunoni kushuka chini, sijapata mahali pengine Moshi panapomhudumia vizuri hivi mtu anayefanya skwati (kuchuchumaa na kuinuka chuma kikiwa mabegani) na dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni). Kuanzia kifuani kupanda mabegani, huduma inapwaya. Sababu ya yote mawili ni moja, nayo ni mlima.

Mpandaji anayefika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kwa njia ya Machame, hushukia lango la Mweka, ambalo liko chini ya kilele hicho kwa zaidi ya mita 4,000, na kwa kawaida mteremko huo wote humalizwa kwa siku mbili. Katika kila hatua ya kushuka, msuli wa mbele wa paja hukaza ili goti lisikunjike ghafla, na wakati huohuo uzito wa mwili huulazimisha urefuke. Msuli unaorefuka huku umekaza huumia zaidi katika nyuzi zake kuliko msuli unaofupika, na majeraha hayo madogo, pamoja na uvimbe unaoyafuata, ndiyo huleta yale maumivu yasiyotokea papo hapo bali huanza baada ya nusu siku au siku nzima, yakazidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha yakapoa yenyewe. Mtu anayeshusha chuma taratibu katika skwati anaufanyia msuli uleule jambo lilelile. Kwa hiyo mchuaji ambaye kwa miaka ameshika mapaja ya watu walioshuka Mweka anaijua hali ya mapaja yangu baada ya siku ya miguu, hata kama hajawahi kushika chuma.

Mchuaji mkuu wa chumba hiki ni baba wa makamo ambaye kabla ya kazi hii alikuwa mpagazi. Hamlazi mtu kitandani kwanza. Huanza kwa maswali, na maswali yake yana maana.

“Kaka, jana ulifanya zoezi gani?”

“Skwati, mzee. Na kidogo ya dedilifti.”

“Ulikuwa unashuka polepole, au unajiachia?”

Nilipomjibu kwamba nilikuwa nashuka polepole, alitikisa kichwa na kuniambia nilale kifudifudi. Alikunja goti langu la kulia hadi kisigino kikakaribia kalio, akafanya hivyo kwa la kushoto, akayapima kwa macho. La kushoto lilibaki nyuma kwa upana wa vidole vitatu. Ndipo akaenda kunawa mikono. Mafuta yake ni ya nazi, yaliyotiwa mikaratusi kidogo, na chupa huwekwa kwenye bakuli la maji ya moto ili mafuta yasimshtue mtu mgongoni. Huanza kwa viganja vilivyo wazi, kwa mivuto mirefu kutoka gotini kwenda nyongani, bila haraka, mpaka msuli uache kujihami; kisha hukanda kwa kushika nyama na kuiachia; halafu tu ndipo huingia ndani kwa kidole gumba.

Sehemu inayotofautisha kazi yake na ya wengine ni makalio. Wachuaji wengi huyapita kwa haya, ilhali misuli ya hapo ndiyo inayobeba dedilifti, na ikikaza, kiuno ndicho hulalamika. Yeye hufunika kwa shuka, akatafuta kwa ncha ya kiwiko mahali pa nje kidogo, chini ya mfupa wa nyonga, akakituliza hapo. Hasukumi. Huuachia uzito wa mwili wake ushuke kidogokidogo juu ya kiwiko, husubiri, hukwambia utoe pumzi, na unapotoa pumzi kiwiko huzama kidogo zaidi. “Ikizidi, sema,” aliniambia. “Ukivumilia huku umekaza, tunapigana bure.” Ninayo sababu ya kuisifu kauli hiyo, kwa maana wapo katika mji huu wachuaji wanaoamini kwamba masaji isiyomtoa mtu machozi haijafanya kazi, na wapo wanyanyua vyuma wanaowalipa kwa imani hiyohiyo. Maumivu makali huufanya msuli ukaze kujilinda, na mtu huondoka na alama za bluu ambazo nazo ni jeraha la kuponywa.

Nilipoinuka, goti la kushoto lilikunjika sawa na la kulia. Kesho yake maumivu ya mapaja yalikuwepo, ila ya kuvumilika, nami nilichuchumaa bila kushika kitu.

Hapa ni lazima niseme wazi ni nini mtu anakinunua, kwa sababu bango la chumba hiki linaahidi mengine. Limeandikwa kwamba masaji “huondoa asidi na sumu kwenye misuli” na “huongeza nguvu”. La asidi si kweli. Lakteti, ambayo ndiyo watu huiita asidi ya misuli, inayozalishwa wakati wa zoezi zito husafishwa na mwili wenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya zoezi kwisha, kwa hiyo asubuhi unapoamka unachechemea haipo tena, na haiwezi kulaumiwa kwa maumivu hayo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwaendeshea vijana 11 wa kiume zoezi la baiskeli hadi wakaishiwa nguvu, kisha kila mmoja akachuliwa mguu mmoja kwa dakika 10 na mguu wa pili ukaachwa. Vipande vidogo vya msuli vilivyochukuliwa vilionyesha kwamba katika mguu uliochuliwa dalili za uvimbe zilikuwa pungufu, na ishara za kutengeneza mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, zilikuwa nyingi zaidi. Kiwango cha lakteti hakikutofautiana. Naona matokeo hayo yanavutia kuliko ahadi ya bango, na sielewi kwa nini wenye biashara wanashikilia hadithi ya sumu wakati ukweli wenyewe unauzika.

La nguvu nalo linahitaji kukatwa kipande. Utafiti mmoja wa mwaka 2005 ulipima mikono: mkono mmoja ulichuliwa kwa dakika 10, saa tatu baada ya zoezi, na mwingine haukuchuliwa. Maumivu yalipungua kwa takriban asilimia 30 na uvimbe ukapungua, lakini nguvu ya msuli haikurudi mapema zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walizikusanya tafiti 29 zenye washiriki 1,012 na hawakuona ushahidi kwamba masaji huongeza nguvu, kuruka, kasi au ustahimilivu. Waliona nafuu ndogo katika unyumbufu na katika maumivu ya siku zinazofuata zoezi. Kwa mnyanyua vyuma, tafsiri yake ni nyepesi: kuchuliwa hakutakuongezea kilo kwenye chuma. Kutakuwezesha kurudi jimu ukiwa unakunjika vizuri na huogopi kushuka chini, na mtu anayefanya mazoezi kwa miezi mfululizo anajua kwamba siku zilizokosekana kwa sababu ya miguu kuuma huwa nyingi zikihesabiwa. Usingizi na chakula vinabaki kuwa vikubwa kuliko masaji. Asiyekula mayai, maharage wala maziwa ya kutosha, akalala kwa muda wa saa tano tu, asitarajie mafuta ya nazi yamfidie.

Muda wa kwenda una uzito wake. Kuchuliwa kwa kina saa chache kabla ya kunyanyua uzito mkubwa si busara, kwa kuwa msuli hulegea na mtu hujiona mzito. Mimi huenda jioni ya siku ya miguu au kesho yake, na mzee huyu mwenyewe hukataa kumchua kwa kina mtu anayemwambia kwamba anatoka hapo kwenda mazoezini. Humpa dakika chache za mivuto ya juujuu na kumwacha aende. Hilo lilinifurahisha, maana fedha ya nusu saa nzima ilikuwa mezani.

Sasa mabega. Mchuaji wa wapanda mlima anajua bega lililokatwa na mikanda ya begi, kwa hiyo mkono wake huenda moja kwa moja kati ya shingo na bega, na hapo hufanya kazi safi. Lakini mtu anayepiga benchi, yaani anayelala chali na kusukuma chuma juu, hukaza mbele: misuli ya kifua chini ya mtulinga, na ile mipana ya ubavuni inayoanzia chini ya kwapa. Kifua chake kikikaza, mabega huvutwa mbele, na kuchua shingo peke yake hakubadilishi lolote. Nilipomwomba afanye kifua, alikigusa kwa wasiwasi na kukiacha upesi. Ubavuni hakufika. Mikono, kuanzia kiwiko hadi kiganja, ambayo ndiyo hushikilia chuma katika dedilifti, aliipaka mafuta tu. Dada anayefanya kazi naye ana vidole gumba vyenye nguvu na aliishughulikia mikono hiyo vizuri nilipomwelekeza, ila mteja asiyejua cha kuelekeza hataipata huduma hiyo.

Kuhusu mahali penyewe sina mengi. Shuka na taulo ni safi na hubadilishwa kila mteja. Pazia linatosha. Kelele za bodaboda hupanda kutoka barabarani, na anayetaka muziki wa polepole na mishumaa atafute hotelini. Bei ya mwenyeji ni shilingi 25,000 kwa nusu saa na 45,000 kwa saa, na kwa simu hulipika bila taabu. Mgeni hutajiwa bei nyingine, kwa dola. Saa ya mwili mzima inakaribia ada yangu ya mwezi jimu, kwa hiyo si jambo la kila wiki kwa mtu wa mshahara wa kawaida. Hufunga saa kumi na mbili jioni, wakati ambao wengi wetu ndiyo kwanza tunapasha mwili. Na kuanzia Juni hadi Oktoba, au katika wiki ya Kilimanjaro Marathon mwishoni mwa Februari, mwenyeji huambiwa arudi kesho. Wakati wa masika, Aprili na Mei, watalii wanapopungua, ndipo chumba hiki huwa chetu.

Lawama yangu kubwa iko kwingine. Maswali ya mzee yanahusu zoezi, na hakuna anayeuliza kuhusu afya. Mtu mwenye homa, mwenye jeraha bichi au ugonjwa wa ngozi unaoambukiza, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye mguu mmoja uliovimba ukawa wa moto na unaouma kigimbini, hapaswi kuchuliwa kabla ya kuonwa na daktari. Huyo wa mwisho huenda ana damu iliyoganda kwenye mshipa, na kuikanda kunaweza kuing'oa ikasafiri hadi mapafuni. Msuli uliochanika ghafla, kwa mlio au kwa uchungu wa kisu, nao haukandwi siku hizo za mwanzo. Wanyanyua vyuma tuna hatari yetu zaidi: anayerudi jimu baada ya likizo ndefu na kujikomoa, kisha misuli ikavimba kupita kiasi na mkojo ukawa na rangi ya chai isiyo na maziwa, misuli yake inavunjika na kuzitesa figo. Huyo aende hospitali siku hiyohiyo, KCMC au Mawenzi, bila kupitia kwa mchuaji. Karatasi moja ya maswali mezani ingetosha, na kwa chumba kinachopokea watu waliochoka kiasi hiki, kuikosa ni uzembe. Maumivu yanayorudi mahali palepale kila unaponyanyua nayo ni ya mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye kazi yake ni kutafuta chanzo.

Anayetaka kujaribu apige simu siku moja kabla, amtaje mzee huyo, na aseme kwamba yeye ni wa vyuma na si wa mlima. Aombe kiuno, makalio na miguu kwa nusu saa, na kama mikono imechoka, amwombe yule dada. Asikubali kirahisi wanapomshawishi achukue saa nzima ya mwili mzima, kwa kuwa zile 20,000 za ziada huishia shingoni, mahali pa kubebea begi.