Viti vya boti kuukuu: mbao gani, skrubu gani, upake nini? Nimezijaribu Mombasa

Assalam aleikum, hamjambo, karibuni tena. Leo hakuna simu, hakuna spika, hakuna feni ya kuchaji. Leo ni mbao. Hii mnayoiona nyuma yangu ni boti ya faiba ya futi 14, imepandishwa juu ya magogo hapa kando ya hori la Tudor, na ndani ni tupu, hata paka hana pa kukaa. Mwili wake uko sawa, faiba haiozi. Kilichooza ni viti. Mwenyewe kaniomba nimtengenezee vipya vya mbao kwa kipimo chake, nami nikaona kila nitakachonunua nikichambue mbele yenu, ili mkienda yadi ya mbao na pesa zenu mjue mnauliza nini.

Nianze na marehemu. Kiti cha zamani hiki hapa. Ni plaiwudi, nayo imefunguka tabaka tabaka kama chapati ya mafuta. Lakini tazameni imeoza wapi. Hapa katikati, walipokaa watu miaka yote, bado ngumu, nikigonga inalia. Imeoza ncha mbili hizi, na kuzunguka kila tundu la skrubu. Huu weusi ni kutu. Skrubu imeshika kutu, ikavimba, tundu likapanuka, maji ya chumvi yakapata mlango. Kiti cha boti hakifi kwa makalio ya watu, hufa kwa matundu. Kwa hivyo mtu akiniuliza mbao ipi bora nitamjibu, lakini ajue kwamba mbao ni nusu ya habari, na sidhani kama ndiyo nusu kubwa.

Haya, marini-bodi. Hii ndiyo utakayopewa mwanzo ukitaja boti dukani. Shiti ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4, unene milimita 18, uso wa kahawia unang'aa. Muuzaji atakuapia ni ya bahari. Yakhe, hii ni ya kumwagia zege! Mafundi wa ujenzi huitandika chini ya slabu, zege ikishika wanaibandua. Gundi yake huenda ikastahimili maji, siikatai. Taabu iko ndani. Hebu sogeza kamera hapa ubavuni. Mnaona hivi vishimo baina ya tabaka? Hapo maji yakiingia hayatoki. Na mti uliotumika ndani ni laini, haukuchaguliwa ukae baharini. Kwa zege, hewala. Kwa kiti cha boti, sinunui hata nikipunguziwa.

Plaiwudi halisi ya boti ipo. Hiyo hupigwa muhuri wa BS 1088, kiwango cha Uingereza, kinachotaka gundi isiyoachia hata ikichemshwa, na tabaka za ndani zisizo na mapengo. Ukiipata yenye muhuri, chukua, tena ni nyepesi. Ukiambiwa "hiyo na hii ni moja tu", omba kipande, utazame ubavu wake, kisha kichemshe kwenye sufuria kuukuu saa kadhaa, ukianike, ukichemshe tena. Kikijifungua chenyewe umeokoa pesa zako.

Sasa twende kwenye mbao zenyewe. Huu ni mvule, na siwafichi, mvule ndio ninaoupenda. Ukikatwa leo una rangi ya manjano hivi, jua likiupiga unageuka kahawia. Hauliwi na mchwa kwa urahisi, hauozi upesi, na ukishakauka haupindi ovyo. Kilo zake ni kama 650 kwa mita ya ujazo, kwa hivyo benchi tatu za boti ndogo hazitaizamisha omo, yaani mbele yake. Kasoro zake nazo ni mbili tatu. Nyuzi zake hupishana, huku zinalala hivi, huku hivi, basi randa isiyo kali itakung'olea vibanzi. Wakati mwingine ndani yake mna chembe ngumu kama mawe, hasa ni chokaa iliyoganda, zinaua msumeno. Na vumbi lake linawasha, pua, macho, ngozi. Vaa barakoa, ile ya vumbi, si kitambaa. Jambo jingine, kataeni ule ukingo mweupe wa karibu na gome. Baadhi ya wauzaji huuacha kwenye ubao ili upana utimie. Huo mweupe hauna nguvu ya mvule, wadudu watautoboa. Akikupimia kwa futi na mweupe umo ndani, mwambie atoe au apunguze bei.

Mbambakofi nao mnaujua, ndio milango ya Lamu. Ni mti mgumu, umetulia, ukipimwa leo na mwakani kipimo hakijaenda mbali. Kama ningekuwa nafanya jahazi ningesema mbambakofi na mjadala ukaishia hapo. Lakini ni mzito, hupita kilo 800 kwa mita ya ujazo, na boti ya futi 14 inajua tofauti hiyo, hasa ukiweka uzito juu badala ya chini. Nimeutumia mahali pamoja tu, kile kipande kifupi cha tezi, nyuma karibu na injini, panapokanyagwa na kuburutwa matangi ya petroli.

Msaji, wengine huuita mtiki, unakuja kutoka Tanzania, kule kuna mashamba yake Longuza upande wa Tanga na Mtibwa upande wa Morogoro. Una mafuta yake wenyewe ndani, unavumilia bahari. Ila ule wa mashamba uliovunwa bado mchanga si sawa na msaji wa kale mnaousikia kwenye meli, msiulipie bei ya kale. Na mafuta yale yale yanayoulinda huzuia gundi isishike, lazima uupanguse kwa asetoni muda mfupi kabla ya kugandisha. Saipresi? Nafuu, nyepesi, inapatikana kila kona. Kwa kiti cha kudumu, hapana, ina mafundo na ni laini. Mimi nimeinunua kwa kazi nyingine, nitafika huko.

Kuna kijana aliyenishauri nitumie mbao za plastiki, akanitajia Flipflopi. Ile jahazi ya plastiki taka iliyoshushwa majini Lamu mwaka 2018 ni kazi ya kuvuliwa kofia, urefu mita 9, karibu tani 10 za plastiki. Lakini plastiki kwenye kiti hupinda ukiiachia nafasi ndefu bila mhimili, na jua la saa saba la Mombasa likiipiga, we mwenyewe utasimama.

Skrubu. Hapa ndipo nataka mniskize vizuri. Nimenunua aina tatu. Hizi za manjano za zinki, ndizo rahisi. Hizi za stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, daraja la 304, na hizi za 316. Nikatia kila aina kwenye chupa ya maji ya bahari, nusu ndani nusu nje. Za manjano hata kuzungumzia sina haja, tazameni maji yalivyokuwa mekundu. Za 304 ziko safi machoni, lakini kwenye chumvi ya kila siku hushika madoa ya kahawia kwenye kichwa na shingoni. Ile 316 imeongezwa madini ya molibdenamu, asilimia 2 hadi 3, nayo ndiyo inayopambana na chumvi. Kwenye kasha tafuta A4, hiyo ndiyo 316. A2 ni 304. Watu hutumia sumaku. Sumaku itakukamatia skrubu ya chuma iliyopakwa tu, lakini haiwezi kukutenganishia 304 na 316. Bei ya 316 inauma, sikatai. Ila hesabuni ni ngapi mnahitaji. Kiti kimoja kinakula skrubu chache tu. Afadhali nipunguze kwenye mbao, nichukue mvule badala ya msaji, nipate skrubu hizi.

Na namna ya kuzitia ndiyo kazi. Usipige skrubu kavu kwenye mvule, stenlesi ni laini, kichwa kitakatika mkononi. Kwanza toboa tundu pana kuliko skrubu, lijaze epoksi, ile gundi ya kuchanganya vitu viwili, iache igande. Kisha toboa tena katikati ya ile epoksi, tundu dogo la skrubu. Ukifanya hivyo skrubu imezungukwa na epoksi, haigusi mbao, na maji yakipita pembeni hayakuti nyuzi za kunywa. Ipake sabuni ya kipande kabla ya kuikaza. Kichwa kizamishe, juu yake gandisha kizibo cha mbao hiyo hiyo, nyuzi zake zifuate nyuzi za ubao. Ikipigwa msasa hutakiona. Na jamani, kwenye boti ya faiba skrubu isipenye kwenda nje! Kiti kinakaa juu ya ukingo uliogandishwa kwa ndani, ndio unaoshikiliwa.

Kuhusu epoksi yenyewe, zile chapa mbili nilizozipata mjini zote zimeshika, sina la kugombana nazo. Linalowashinda watu ni joto letu. Kila joto likipanda nyuzi 10 hivi, muda wa kufanyia kazi hupungua karibu nusu. Maandishi ya kopo yamefikiria nchi za baridi. Hapa ukichanganya kopo zima na hadina, kile kigandishi chake, litachemka na kutoa moshi kabla hujamaliza kiti kimoja. Changanya kidogo kidogo, mwaga kwenye sahani pana ya plastiki, fanya asubuhi au baada ya alasiri. Gundi nyeupe ya kabati iacheni kwenye kabati.

Upakaji umenigawanya. Vanishi ya boti, ile yenye kinga ya jua, inapendeza mno, kioo. Vanishi ya ndani ya nyumba ukiipaka boti, itabanduka maganda maganda, wala usijaribu. Lakini hata ile nzuri inahitaji matabaka mengi, msasa mwepesi kila baada ya tabaka, na kila mwaka uirudie kabla haijapasuka. Mwenye boti hii ni mvuvi, hatafanya. Nimemjua kabla ya kununua kopo. Kwa hivyo viti vyake nimevipaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, nikamwachia chupa. Kikikauka anapaka tena kwa kitambaa, basi. Rangi itakuwa ya kawaida, haitang'aa. Kitambaa hicho usikikunje ukakitupa pembeni. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, kitambaa kilichokunjwa kinaweza kushika moto chenyewe. Kianike wazi au kitie majini. Wazee hapa walikuwa na sifa, mafuta ya papa, yanafanya kazi vizuri, ila abiria wako watajua. Mafuta ya nazi msiniulize. Hayakauki, yatashika vumbi na ukungu, na nguo zenu zitayabeba.

Mpako wowote mtakaochagua, pembe za ubao zivunjeni kwa randa, ziwe duara. Rangi haikai kwenye ncha kali, hapo ndipo inapopasukia kwanza. Na zile ncha za ubao, kule nyuzi zinakokatika, zinyweshe epoksi kabla ya kitu chochote, zinakunywa maji kupita sehemu nyingine zote.

Saipresi niliyosema, nimeitumia hivi. Kabla hujang'oa kiti cha zamani, pima upana wa boti ukingo kwa ukingo, kisha funga ubao wa saipresi kuushikilia upana huo. Viti ndivyo vinavyozuia ubavu usifunguke. Ukivitoa vyote boti ikalala juani, itatanuka, na viti vipya ulivyovikata kwa kipimo halisi vitakuwa vifupi. Pia msikate kwa futi ya kupimia peke yake. Boti kuukuu kulia na kushoto haziko sawa. Katia plaiwudi nyembamba ya milimita 4 kwanza, ikae pale, ikaze, ndipo uichore juu ya mvule. Na mvule uliotoka bara usiukate siku hiyo hiyo, uache bandani kwanza wiki mbili tatu uzoee hewa ya pwani, la sivyo utavimba ukiwa tayari umefungwa.

Kama boti ni ya makasia, uso wa kiti uwe kama inchi 7 chini ya mahali kasia linapokaa. Ukiwa juu zaidi magoti yanazuia, ukiwa chini zaidi mikono inachoka.

Kitu cha mwisho, povu. Chini ya viti vya zamani vya faiba kwa kawaida kuna povu linaloielesha boti ikijaa maji. Nimelitoa hili hapa, limelowa, ukilibonyeza kwa kidole linatoa maji. Wengi hulitupa na kupata sanduku zuri la kuwekea samaki. Weka jipya, lile lisilonyonya maji, na ulifunge vizuri. Sanduku la samaki lipate nafasi kwingine. Kifuniko cha kiti cha kati nimekitia bawaba, sikukikaza kwa skrubu, kwa sababu jaketi za kuokolea zinakaa humo na mtu azifikie kwa mkono mmoja. Na kama boti ni ya kubeba abiria, michoro ya viti hivi ipelekeeni Mamlaka ya Bahari ya Kenya kabla ya kukata ubao, si baada. Ofisi yao iko hapa hapa Mombasa.