Mpasuko wa graniti na wa udongo mfinyanzi: upi huzaa tetemeko?

Graniti iliyosagika ndani ya mpasuko (ufa ardhini ambapo miamba huteleza) ina mgawo wa msuguano (nguvu inayozuia kuteleza ikigawanywa kwa nguvu inayobana) wa 0.6 hadi 0.85, ilhali wa saponaiti, udongo laini uliochimbuliwa kwenye mpasuko wa San Andreas, Marekani, ni takriban 0.15 tu. Lakini ulaini peke yake hautabiri tetemeko. Kipimo cha maana ni badiliko la mwendo: bana sampuli, iteleze maikromita 1 kwa sekunde, kisha pandisha ghafla hadi 10. Msuguano huruka juu; subiri utulie. Kwa saponaiti hubaki juu, hivyo mpasuko hujizuia na kutambaa polepole. Kwa graniti yenye maji, kwenye nyuzi 100 hadi 350 za Selsiasi, hushuka chini ya ulipoanzia, na mwamba unaweza kufyatuka. Usikaushe sampuli ya udongo: ikikauka huonekana imara kuliko ilivyo ardhini.