Mawe ya nyongo ya mama, na hospitali ya Lusaka

Kwa wanaoniuliza tangu turudi: ndiyo, mama amepona. Juzi amekula sombe ya mawese na bukari yake, sahani nzima, wala hakushika ubavu.

Lusaka tulikwenda kwa sababu moja. Daktari aliyemwona hapa Lubumbashi alitaka kumfungua tumbo kwa upana, na mama ana sukari, kidonda chake hukawia kufunga. Ile hospitali ya binafsi kule ilituahidi upasuaji wa kamera: matundu manne madogo, tumbo linajazwa gesi ili daktari apate nafasi ya kuona, kifuko cha nyongo kinakatwa na kuvutwa nje kupitia tundu la kitovuni. Mama aliposikia habari ya matundu, akasema twende.

Njia mnaijua. Mpaka wa Kasumbalesa na foleni yake ya malori ya shaba, kadi ya homa ya manjano mkononi, kisha basi linalokimbilia mkono wa kushoto, Chingola, Kitwe, Ndola, Kabwe. Kwa mtu mwenye maumivu ni mbali. Tulilala Ndola, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo.

Hospitali yenyewe ni safi mpaka unaona haya kukanyaga. Shuka zinabadilishwa bila kuomba. Umeme ulikatika, jenereta ikapokea hata feni haikusimama. Ila plagi zao ni za miguu mitatu minene, simu yangu ikabaki imezimika mpaka nilipokwenda kununua adapta.

Sasa jambo lililonichoma. Kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Mmoja hutandika kitenge chini ya kitanda alale hapo, mwingine huleta sufuria, mwingine hukimbia famasi na karatasi ya dawa. Kule dawa zinatoka ndani, chakula kinatoka ndani, na saa za kuona wagonjwa zikiisha mlinzi anasimama mlangoni akitazama saa yake. Nikabishana. Nikabishana kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza changu kinaishia kwenye bei na rangi za vitenge ninavyouza. Hakuna aliyenielewa. Nikamwacha mama na tasbihi yake, nikaenda kulala nyumba ya wageni nimefura.

Asubuhi namkuta anacheka. Mama ni wa Kasenga, kando ya Luapula, Kibemba ndicho alichonyonya. Mama mmoja mfanyakazi wa usafi alikuwa amemsalimu, «Mwashibukeni, bamayo», kumbe naye ni wa Mansa, ng'ambo ya mto uleule. Walikwisha kuulizana koo, samaki, mpaka bei ya mihogo. Mimi niliyekaa shule miaka yote ile, mzaliwa wa Kamalondo hapa mjini Lubumbashi, ndiye niliyekuwa bubu humo ndani.

Lakini hapo hapo ndipo ninapowalaumu. Karatasi ya kukubali upasuaji ilikuwa ya Kiingereza tupu, na aliyemfasiria mama hatari za dawa ya usingizi ni huyo huyo mwenye ufagio. Alifanya vizuri, Mungu ambariki, lakini haikuwa kazi yake. Siku hizo chache tu niliwasikia Wakongo wengine kwenye mabenchi ya kungojea, tena si mmoja. Hospitali inayopokea pesa zetu inashindwaje kuweka mtu mmoja anayejua Kifaransa au Kiswahili?

Madaktari sina neno. Siku ya pili baada ya kupasuliwa mama alilia bega la kulia, tumbo hata hakulitaja, nami nikadhani ni moyo. Mpasuaji akachukua kalamu, akanichorea nyuma ya karatasi ya chakula: gesi iliyobaki tumboni huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na mshipa wa fahamu wa hapo hupeleka maumivu begani. Mchoro niliuelewa bila lugha. Akamwambia mama atembeetembee kwenye korido, na kweli likapoa.

Tuje kwenye faktira, hesabu ya malipo. Bei niliyotumiwa kwa WhatsApp kabla ya safari ilikuwa ya hospitali peke yake: chumba, ukumbi wa upasuaji, wauguzi. Mpasuaji na daktari wa usingizi kumbe wanakuja tu kufanya kazi pale, na kila mmoja ana faktira yake. Ekografi ya Lubumbashi, ile picha ya tumbo, hawakuikubali kwa sababu ripoti ni ya Kifaransa; ikarudiwa, ikalipiwa. Glavu zimehesabiwa jozi kwa jozi. Nikakuta na vipimo vya sukari mstari mrefu, wakati mama alikuwa akijipima mwenyewe kwa kifaa chake, na wauguzi wakiandika namba anazowasomea! Mhasibu alinisikiliza kwa adabu, akasema watarekebisha na kunitumia nyingine. Sijaipata. Ndiyo maana jina lao silitaji hapa, bado tunavutana.

Mkienda, ulizeni faktira tatu, msiulize moja. Ripoti itafsiriwe hapa hapa Lubumbashi kabla ya kuondoka. Kabla ya kutoka, dai karatasi ya upasuaji na jibu la maabara la kile kifuko kilichotolewa, maana daktari wa hapa atakuuliza. Nyuzi za mama zilitolewa na muuguzi wa mtaani kwetu.

Na haya nayasema kwa upasuaji uliopangwa. Mtu ambaye macho yamekwisha kuwa ya njano na homa inampanda, msimpakie kwenye basi la Kasumbalesa. Huyo mpelekeni Sendwe, hospitali kubwa ya hapa Lubumbashi, usiku huo huo.