Uzoefu wangu: nimepima balbu za LED aina tatu kwenye kibanda changu cha kushonea hapa Uyole

Naanza na sketi za kwaya maana ndo zilizonifanya nihangaike na mambo ya taa. Mwezi wa sita mwaka jana nilipewa kazi ya sketi 14 za kina mama wa kwaya, kitambaa damu ya mzee, zinatakiwa Jumapili asubuhi, kwa hiyo Ijumaa na Jumamosi nikakesha. Mnaoijua Uyole mwezi wa sita mnajua, saa moja haijafika giza lishaingia, baridi inakata, mlango umefunga, unategemea taa tu. Nikatoa uzi kwenye kopo nikaulaza juu ya kitambaa nikaona umeendana, nikapiga mapindo yote 14. Asubuhi mwenyekiti wao akachukua moja akatoka nayo nje juani, akasimama, akaniita, "Fundi, hebu njoo uone, mbona huu uzi ni rangi ya ugoro?" Nikatoka. Ulikuwa ugoro kweli, umekaa kwenye pindo kama mstari wa tope. Wakaenda kuimba nazo hivyo hivyo kwa sababu muda ulikuwa umeisha, Jumatatu nikazirudisha nikafumua moja moja, siku mbili nzima bila malipo. Iliniuma sana, nashona mwaka wa 11 sasa na sijawahi kukosea uzi.

Nilidhani macho yameanza kuchoka, nikawa nawaza miwani. Mtoto wa kaka yangu anasoma umeme pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, alipokuja wiki ile nikamsimulia, akachukua kopo la nyuzi akaenda nalo nje akarudi nalo ndani kama mara tatu, akasema shangazi siyo macho, ni hizi taa, wekundu haupo kabisa kwenye mwanga wake. Basi tukaamua tupime, na tupime kweli kweli siyo kuangalia kwa macho tu na kusema hii inawaka sana.

Nikanunua aina tatu. Majina ya kampuni siyaandiki. Ya kwanza ni zile za shilingi 1,500 zinazomwagwa kila mahali, nilichukua 4 Mwanjelwa, boksi linasema wati 15, saa 25,000, halafu lumeni haijaandikwa popote, na hapo tu nilitakiwa nishtuke, maana wati ni umeme inaokula, mwanga wenyewe unahesabiwa kwa lumeni. Ya pili 4,500, nikachukua 4 pia, imeandikwa wati 9, lumeni 806 (ndo mwanga wa ile balbu ya zamani ya waya ya wati 60), Ra 80 (Ra ni namba ya jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa usahihi). Ya tatu nilichukua 2 tu kwa sababu moja ni 14,000, niliagiza Kariakoo ikapanda basi, wati 8, kelvini 4000 (hiyo ni rangi ya mwanga), Ra 95.

Tukaanza na wati. Sikuwa na kifaa chochote, tulitumia mita ya LUKU na simu. Angalia mita yako, ina kitaa kidogo chekundu kinachokonyeza, na pembeni kuna maandishi imp/kWh. Yangu ni 1000, maana yake kikikonyeza mara 1000 unit moja imeisha, kwa hiyo konyezo moja ni wati saa 1. Nikachomoa pasi, redio, chaja, kila kitu, nikabakiza balbu 4 za kwanza tu, mpwa wangu akashika saa ya simu mimi nikakodolea mita. Kama kweli kila moja ni wati 15, nne ni wati 60, inatakiwa ikonyeze mara moja kila dakika, makonyezo 10 dakika 10. Zikapita dakika 10 tuko kwenye la sita. Tulifika la kumi kwenye dakika 16 na sekunde 20. Ukipiga hesabu inakuja kama wati 37 kwa zote nne, yaani wati 9 na kidogo kila moja. Boksi linasema 15! Tukaweka zile za 4,500, makonyezo 10 yakachukua dakika 17 kamili, inakuja wati 8.8 kwa balbu, boksi lilisema 9, sawa kabisa. Zile mbili za ghali nazo zilikuwa sawa na boksi. Yaani ya "wati 15" na ya wati 9 zinakula umeme ule ule.

Wengine watasema basi nafuu, inakula kidogo. Hapana, maana ukiamini ni 15 unategemea mwanga wa 15. Tulipima na mwanga, simu nyingi zina sensa ya mwanga na kuna programu za bure zinakupa namba ya laksi, yaani mwanga unaofika pale ilipolala simu. Siyo kipimo cha maabara, ila kama simu ni ile ile, imelala pale pale mezani, usiku, mlango umefungwa, basi kulinganisha unaweza. Na uiache taa iwake nusu saa kwanza kabla hujasoma, LED ikipata joto mwanga unashuka kidogo. Kutoka kwenye balbu hadi mezani kwangu ni mita moja na nusu. Ya 1,500 ilisoma 58, ya 4,500 ikasoma 84, ya ghali 77. Mpwa wangu akanionyesha viwango vya Ulaya vya taa za kazini, EN 12464-1, kazi ya kuandika ofisini wanataka laksi 500, kushona 750. Nilikaa kimya kidogo. Miaka yote nashona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi kwa laksi 58.

Hapa nilitaka kukimbilia kununua balbu kubwa, ya wati 30 ile yenye mbawa, akanizuia. Akasema ishushe. Tukaongeza waya tukaishusha ile ya 4,500 mpaka nusu mita juu ya mashine, tukapima, 84 ikawa karibu 700! Balbu ile ile, umeme ule ule. Kumbe umbali ukiugawa kwa tatu mwanga unazidi mara tisa. Kama kuna kitu kimoja kimenisaidia kuliko vyote ni hicho na kimenigharimu waya mita moja. Mafundi wenzangu wa Mwanjelwa wengi taa iko darini kule juu, wao wameinama chini na kivuli chao wenyewe kimelalia kitambaa.

Kukonyeza kwa taa yenyewe nako tulikupima. Umeme wetu ni hezi 50, taa yenye draiva mbovu (ile sakiti ya ndani inayoilisha LED umeme) inafifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini kichwa kinajua. Shika kalamu uipunge haraka haraka chini ya taa, ukiona ukungu mmoja laini taa ni nzuri, ukiona kalamu nyingi zimepangana kama vidole ujue inakonyeza. Chini ya ya 1,500 niliona kalamu nyingi kabisa, na kamera ya simu kwenye slo mosheni ikaonyesha inazima inawaka, inazima inawaka. Zile mbili nyingine zilitulia. Halafu nikakumbuka kitu, nikikanyaga mashine kwa kasi kuna wakati gurudumu lilikuwa linaonekana kama limesimama au linarudi nyuma, na mimi nilijua ni usingizi. Kumbe ni taa! Kwenye mashine yenye sindano inayoshuka karibu na kidole hilo siyo jambo dogo. Na maumivu ya kichwa ya saa nne usiku yalipungua sana nilipobadilisha, sidai ni taa peke yake, ila yalipungua.

Sasa rangi, ndo kazi yenyewe. Nilipanga vidonge vya uzi sita mezani, nyekundu, damu ya mzee, ugoro, pinki, zambarau na nevi bluu, nikabadilisha taa moja moja. Chini ya ya 1,500 damu ya mzee na ugoro ni ndugu mapacha, nilimwita binti anayejifunza kwangu nikamwambia nipe damu ya mzee, akanipa ugoro, bila kusita. Chini ya ya 4,500 unatofautisha ila mpaka utulie uinamie. Chini ya ile ya Ra 95 ni kama umetoka nje saa nne asubuhi, damu ya mzee inakolea, pinki inakuwa pinki, sikuamini. Nilivyoelezwa ni kwamba LED nyeupe ndani yake inatoa mwanga wa bluu, na juu imepakwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya ile bluu, kwa hiyo wakibana matumizi kwenye ule unga, wekundu ndo unakosekana. Na hata Ra yenyewe msiiamini moja kwa moja, ile namba inakokotolewa kwa rangi 8 za kupauka, nyekundu kali haimo, ina kipimo chake kinaitwa R9 na boksi nyingi hazikiandiki. Kwa hiyo mfanya kazi ya nguo, ya nyama, ya saluni, nenda na kitu chako chekundu dukani mwambie muuzaji awashe.

Na jamani kelvini siyo ubora. Watu wetu wanapenda ile 6500 nyeupe ya bluu bluu wanasema ndo inawaka sana, ile ni rangi ya mwanga tu, nyeupe baridi au njano ya joto. Mimi 4000 imenikaa vizuri, haichomi macho.

Kudumu. Zote 8 za bei ndogo na ya kati niligawanya kibandani na nyumbani, zinawaka kama saa 6 kwa siku. Miezi mitano na nusu, saa 1,000 hazijafika, mbili za 1,500 zimekufa. Moja ilikuwa jikoni ndani ya globu ya kioo iliyofungwa, ile joto haina pa kutokea na joto ndo linaloiua LED, kwa hiyo hiyo naisamehe nusu. Ya pili ilikuwa wazi kabisa. Tuliifungua, ndani kuna vidude vya njano vimepangwa duara, kimoja kina nukta nyeusi kama kichwa cha kiberiti kilichoungua, na kwa kuwa vimeungana mkia kwa kichwa kimoja kikifa vyote vinalala. Kijana mmoja wa kutengeneza redio akaniungia pale palipoungua kwa buku, ikawaka siku 9 ikafa moja kwa moja. Msijaribu wenyewe, balbu nyingi za hivi kile kibati cha ndani kinaweza kuwa na umeme wa ukutani kabisa ukikigusa. Zilizobaki nilizipima tena pale pale, 58 imeshuka mpaka 43. Za 4,500 zote nne ziko hai na zinasoma 82.

Ile 25,000 ya kwenye boksi ukiwasha saa 6 kwa siku ni miaka 11 na zaidi, nani alikaa miaka 11 kuipima? Kipimo chao cha maabara, LM-80, kinawasha vile vichipu angalau saa 6,000 ndipo wanabashiri mbele kwa hesabu mpaka mwanga ushuke ufike asilimia 70 ya ule wa mwanzo, na kinapima kichipu peke yake, draiva haimo. Na kampuni iliyoandika 15 kwenye wati 9 sidhani kama hata hizo 6,000 imezigusa. Inaniudhi kweli, kuna wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobeli ya Fizikia 2014 kwa ajili ya ile LED ya bluu tu, halafu mtu anaichukua anaiwekea draiva ya kubahatisha anamuuzia mama wa Uyole.

Ya ghali nayo ina kasoro. Mbeya sikuiona duka lolote nililopita, ilikuja ya skrubu wakati holda zangu ni za pini ikabidi ninunue holda mpya mbili, na 14,000 ni hela. Jirani akiwasha mashine ya kuchomelea umeme unashuka na yenyewe inacheza kidogo, ajabu ile ya 4,500 haitikisiki. Na kwa wafugaji, LED yoyote usiweke kwenye vifaranga ukitegemea joto kama balbu ya zamani, jirani yangu alifanya hivyo mwezi wa saba akapoteza vifaranga vingi kwa usiku mmoja.

Kwa sasa mbili za Ra 95 ziko juu ya mashine na juu ya meza ya kukatia, zote zimeshushwa, za 4,500 ndo nyumba nzima, na zile mbili za 1,500 zilizobaki moja stoo moja choo cha nje. Mwezi uliopita kwaya wale wale wameleta blauzi 14, kitambaa kile kile. Nilizishona usiku, na kulipokucha nikatoka nayo moja nje kabla hawajafika, nikaigeuza juani pindo kwa pindo. Uzi ulikuwa damu ya mzee.