Hostia za mfuko wa 500 na sahani ya komunio: zinafaaje katika sakristia ya Lubumbashi

Hostia ndogo (mikate myembamba ya komunio) zinazookwa na masista mjini humu huuzwa katika maduka ya vitu vya ibada kwa mfuko wa 500, na kando yake huwekwa sahani ya komunio ya shaba yenye mpini wa mti. Mhudumu wa sakristia, chumba cha kuandalia Misa, akinunua vyote viwili kwa safari moja hakosei. Ila hostia zenyewe zina majira yake.

Kwanza unga. Hostia hizi ni ngano na maji, basi, na ndivyo inavyotakiwa: kanuni ya 924 ya Sheria ya Kanisa inadai mkate wa ngano peke yake, uliotengenezwa karibuni. Sukari, maziwa au asali haviingii. Katika mji ambapo unga wa muhindi na wa muhogo uko kila duka, ni haki kumuuliza muuzaji waziwazi hostia zimetoka wapi na zimeokwa lini. Hostia zisizo na gluteni (protini iliyomo katika ngano) kabisa hazifai kwa Misa. Zenye gluteni kidogo zinafaa, lakini masista hawa hawazitengenezi. Asiyeweza kula ngano azungumze na padri mapema ili apokee kutoka kikombe peke yake.

Sasa vipande vidogovidogo, maana ndivyo vinavyosumbua watu. Uji wa ngano huokwa kati ya vyuma viwili vya moto, kisha ule utando hulowanishwa kwa mvuke kabla ya kukatwa, ili usipasuke. Koranti (umeme) ikikatika katikati ya kuoka, au utando ukikatwa ungali mkavu, ukingo wa hostia hutoka na meno kama msumeno, na hayo meno ndiyo yanayobanduka. Kuanzia Novemba hadi Machi, mvua zikiwepo, mfuko huu ni mzuri sana: hostia hainyauki, haimeguki, ukingo ni laini. Tatizo la wakati huo ni ukungu tu, kwa hiyo zihifadhiwe kwenye kopo linalofungika. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa ya Lubumbashi inakausha kila kitu, na chini ya mfuko utakuta unga mweupe na nusu za hostia.

Dawa yake ni rahisi na hufanyika kabla ya Misa. Mimina hostia kiasi cha mia moja kwa wakati kwenye chujio la matundu makubwa, kama lile la kuoshea mchele, tikisa polepole, toa zilizovunjika, halafu panga zilizobaki katika siborio, chombo chenye kifuniko cha kuwekea hostia. Usizikandamize wala usijaze hadi juu, kwa sababu kifuniko kikizibana zinasagana. Vilivyoanguka chini ya chujio bado ni mkate wa kawaida. Havijawekwa wakfu, havina haja ya kuogopwa. Sakristia nyingi zinaruka hatua hii ya dakika tano, halafu zinashangaa kuona vipande kwenye korporale, kile kitambaa kinachotandikwa altareni.

Sahani ni ununuzi mzuri zaidi. Maagizo ya Roma ya mwaka 2004 yanataka sahani ya komunio iendelee kutumika ili hostia au kipande kisianguke. Hii ina ukingo ulioinuka na mpini mrefu wa kutosha kwa mtumishi wa altare mwenye miaka kumi. Chagua ile isiyo na msalaba uliochongwa katikati: mchongo unashika chembe, na kuzitoa kwa kitambaa ni kazi. Mfundishe mtoto aishike bapa chini ya kidevu, asiinamishe wakati wa kurudi altareni. Kinachoonekana juu yake hupanguswa ndani ya kalisi (kikombe cha divai), hutiwa maji, hunywewa. Hostia ikianguka sakafuni, huokotwa kwa heshima. Ni divai takatifu ikimwagika ndipo mahali huoshwa kwa maji, na maji hayo humiminwa katika sakrario, sinki la sakristia linalopeleka maji moja kwa moja ardhini.

Kuna wanunuzi wanaotafuta sahani hii kwa sababu dhamiri inawachoma kwa hofu ya kupoteza chembe ya hostia iliyowekwa wakfu: wanalamba kiganja mara kumi, wanarudi kukagua sakafu watu wakitoka, au wameacha kabisa kupokea. Hao sahani haitawaponya. Kristo yumo mzima katika kila kipande, na anakaa humo maadamu maumbo ya mkate yapo. Vumbi ambalo jicho haliwezi kulitambua kuwa mkate halimdai mtu kitu. Anayepokea mkononi atazame kiganja mara moja, chembe inayoonekana ailambe, aende kukaa. Hostia ikiganda kwenye kaakaa aisukume kwa ulimi au aitafune, hakuna dhambi. (Hostia hizi ni nyembamba, hazigandi sana. Nene za kutoka nje zinaganda zaidi.)

Mwenye wasiwasi wa namna hiyo achague muungamishi (padri wa kumuungamia) mmoja amtii, badala ya kuzunguka parokia za mji kutoka komini ya Kenya hadi ya Katuba akitafuta jibu jipya. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, alipoteswa na hofu za namna hii kule Manresa, Hispania, aliambiwa asirudie kuungama dhambi za zamani isipokuwa zile zilizo wazi kabisa. Haikumsaidia, kwa kuwa kwake zote zilionekana wazi. Agizo kwa mtu kama huyo lisiwe na “isipokuwa”. Na kama hofu inakula saa nzima kila siku, mganga wa afya ya akili naye anahitajika, pamoja na padri.

Kasoro ya mwisho ni sashe, yaani mfuko wenyewe wa hostia. Ni jepesi mno, na mfuko ukiletwa kwa pikipiki kutoka katikati ya mji hadi komini ya Ruashi unafika nusu umevunjika hata wakati wa mvua. Nenda na kopo lako gumu, na uombe wakufungie mbele yako.